Tai za Vijana wa Mferejini

Ndunge alikuwa na tai nyingi kuliko wanaume wote wa ukoo wake wakijumlishwa, na hakuna hata moja aliyowahi kuivaa. Alikuwa akikodisha suti na magauni ya harusi kwenye kiduka chake Buruburu, na huko ndiko mambo yalikoanzia. Bwana harusi mmoja alirudisha suti ikiwa na tai isiyokuwa ya duka, tai nyembamba ya hariri iliyopauka, na hakuja kuiulizia tena. Ndunge aliigeuza nyuma, akaona ilivyoshonwa kwa mkono, kwa uzi mmoja mrefu uliolegezwa makusudi ili kitambaa kisivutike, akastaajabu kwamba mtu alijisumbua kiasi hicho upande ambao hakuna atakayeuona. Tangu siku hiyo hakuweza kupita mbele ya rundo la mitumba bila kuinama.

Chumba chake cha pili, ambacho wengine wangekipangisha, kilijaa makabati ya droo. Tai za hariri alizikunja mviringo kama mkeka, akianzia ncha nyembamba, na kila moja akailaza ndani ya kipande cha pamba safi. Zile za kufumwa hakuzitundika kamwe kwa sababu hurefuka. Pazia la chumba halikufunguliwa mchana, jua lisije likala rangi, na kwenye kila droo kulikuwa na kifuko cha karafuu cha kufukuza nondo. Wateja waliodhani anaziuza waliambiwa kwa upole kwamba hapana, anaziweka tu.

Mtu aliyemwelewa zaidi alikuwa Roble, muuza mitumba wa soko la Jericho. Roble hakujali tai hata kidogo, ila alijali mtu anayejua anachotaka. Kila alipofungua mzigo, tai zote alizitia kwenye mfuko mmoja na kuutupa chini ya meza, na Jumamosi Ndunge alipofika alimkabidhi mfuko na kigoda.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshuka mpaka watu wanaongea na mvuke mdomoni, alimpa mfuko mdogo kuliko kawaida. Alimwambia hizi hazikutoka ng'ambo. Kuna mama mmoja hapo Jericho anahama, na amemletea nguo za marehemu baba yake.

Ndunge alipekua. Tai ya shule, tai ya kampuni ya bima, tai ya Krismasi yenye kengele. Kisha mkono wake ukagusa kitu kigumu kidogo kuliko kitambaa, kama turubai, akakivuta.

Ilikuwa tai ya kahawia, pana kama kiganja chake. Sehemu ya chini ilikuwa imechorwa kwa rangi ya mkono. Nyumba zilizoshikana, kamba ya kuanikia nguo, shati jeupe likipepea, kuku wawili, na anga la rangi ya machungwa nyuma ya mapaa. Ndunge aliinua macho. Nyumba zenyewe zilikuwa pale, ng'ambo ya vibanda, na mpangilio ulikuwa ule ule wa mlango na dirisha. Mtu alikuwa amesimama karibu na hapa na kuuchora mtaa wa Jericho juu ya tai.

Alijitahidi kuutuliza uso wake. Roble akamtazama, akacheka, akamwambia ameishika tai kama mtoto mchanga, kwa hiyo asijisumbue kuigiza.

Nyumbani aliosha mikono, akaikausha vizuri, akatandika kitambaa cheupe mezani. Kwanza upana. Tai za miaka ya sitini zilikuwa nyembamba, na hii ilikuwa imejiachia, kwa hiyo ilikuwa ya baada ya hapo. Aliishika kwa ncha nyembamba akaiacha ining'inie. Ilining'inia wima bila kujipinda, maana yake kitambaa kilikatwa kwa mshazari kama inavyotakiwa. Alichomoa nyuzi mbili ndogo kutoka ndani ya mshono, akaziwasha kwa kiberiti juu ya kisosi. Wa nje uliyeyuka ukawa shanga nyeusi yenye harufu ya plastiki. Wa ule utando wa ndani ulitoa harufu ya nywele zilizoungua, yaani sufu. Nje nailoni au nduguye, ndani sufu, upana huu, lebo ya kufumwa na siyo ya kuchapishwa. Mwanzo wa miaka ya sabini, alisema kwa sauti ingawa alikuwa peke yake. Michoro ya rangi haikunjwi kwa sababu rangi hupasuka, kwa hiyo aliondoa tai nyingine kwenye droo nzima ili hii ilale imenyooka.

Alikuwa akiilaza ndipo alipouona mkono. Ukingoni kabisa, upande wa kushoto, ulikuwepo mkono wa mwanamke, kuanzia kiwiko hadi vidole, umeshika ndoo. Mwanamke mwenyewe hakuwepo. Ndunge alidhani mchoraji aliishiwa na nafasi. Akaangalia upande wa kulia. Kamba ya nguo haikufungwa popote. Ilifika ukingoni ikiwa bado na vibanio viwili, kama inayoendelea na safari.

Alikaa chini. Kisha akasimama tena, akazunguka meza, akacheka peke yake. Picha ilikuwa inaendelea. Kulikuwa na tai nyingine kulia, na nyingine kushoto.

Hakungoja Jumamosi ifuatayo. Jumatatu hakufungua duka, akampata Roble asubuhi, na Roble akampeleka kwa yule mama anayehama. Aliitwa Jecinta, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, na sebule yake ilikuwa imejaa maboksi. Njiani Ndunge alikuwa amepambana na nafsi yake. Akimwonyesha tai, huenda akaidai, na itakuwa haki yake. Lakini bila kumwonyesha hatajua lolote. Aliitoa kwenye kitambaa, akasema kabla hajaulizwa, "Hii ilitoka kwako. Ukiitaka ni yako. Mimi nataka tu kujua nyingine ziko wapi."

Jecinta aliipokea, akaigeuza. Alikuwa ameifunga pamoja na nyingine bila kuziangalia, alisema, kwa sababu kila alipogusa nguo za baba yake alitaka kuketi na kulia, na lori la kuhamia lilikuwa limeshaagizwa. Akafungua boksi moja, akatoa picha iliyokuwa ndani ya fremu. Vijana wanne wamesimama bega kwa bega mbele ya ukumbi, nywele zimefutuka, kola za mashati kama mabawa, na kila mmoja ana tai pana. Wa pili kutoka kushoto alikuwa mfupi sana, na wa mwisho kulia mrefu kama mlingoti.

Baba yake, Johnson, alikuwa wa tatu. Waliitwa Vijana wa Mferejini, kwa sababu walijifunzia kuimba kwenye mfereji wa maji wa mtaa, wakisaidia akina dada kujaza ndoo, au wakijifanya kusaidia. Waliimba kwenye harusi na kwenye ukumbi wa mtaa siku za sikukuu. Mrefu alikuwa Wachira, na bado yuko hai, anaishi Makadara. Wa kwanza kushoto alikuwa Hirad, ana duka la vitambaa Eastleigh. Huyu mfupi alikuwa Kavindu, mwenye sauti nzito kuliko wote. Alifariki miaka kadhaa iliyopita.

Ndunge aliuliza ni nani aliyezichora. Jecinta hakujua. Alimrudishia tai akamwambia suala la tai ni ya nani litangoja, kwanza zionekane zote. Akachukua koti. Maboksi nayo yatangoja.

Wakawa watatu, maana Roble naye alikataa kubaki nyuma. Wachira walimpata nyumbani kwake, mzee mwembamba aliyelazimika kuinama chini ya mlango wake mwenyewe. Alisikiliza, akashika kichwa, akasema tai yake ipo, ila wasimhukumu. Akawapeleka chumbani. Juu ya kabati kulikuwa na sanduku ambalo kufuli lake lilivunjika zamani, na kilicholifunga lisifunguke kilikuwa tai ya kahawia, imepigwa fundo mara mbili.

Ndunge aliomba aachiwe kulifungua yeye. Hakuvuta. Alisukuma kitambaa kurudi ndani ya fundo kidogo kidogo, akitumia mpini wa kijiko, huku Wachira akimsimamia juu yake na kueleza kwamba tai ile imemsafirishia sanduku hadi Kisumu na kurudi mara nyingi na haijawahi kumwangusha. Lilipolegea, rangi ilikuwa imepasuka mistari miwili, lakini picha ilikuwepo. Kamba ya nguo iliendelea! Safari hii ilibeba gauni la maua na soksi moja, na ikaishia kwenye mti mkavu ambao mtoto mmoja ameupanda.

Jecinta alishika tai ya baba yake, Ndunge akashika ile ya Wachira, wakaziweka kitandani bega kwa bega. Hazikukutana. Kamba ya moja ilikuwa juu na ya nyingine chini, tofauti ya vidole vinne. Ndunge alizisogeza, akazioanisha kwa ncha, kisha kwa mapaa. Kamba zilipokutana, ncha za tai zilipishana vibaya. Alihisi moyo wake ukipoa. Huenda alikuwa amejipa matumaini bure, na mchoraji alichora tu mtaa ule ule mara mbili.

Wachira hakukumbuka lolote kuhusu kukutana kwa kamba. Alichokumbuka ni mchoraji. Alikuwa msichana wa mtaa, Mirriam, binti wa fundi wa kuandika mabango ya maduka. Alitumia rangi zilizobaki za baba yake, akazizimua kwa tapentaini. Aliolewa na mtumishi wa serikali wakahamia Buruburu nyumba zilipokuwa mpya. Hirad ndiye ajuaye ni wapi hasa.

Hirad alikuwa amezungukwa na majora ya vitambaa, na mkewe Fowsiya akiwahudumia wateja. Aliposikia neno Mferejini, alimwachia Fowsiya tepu ya kupimia na kuingia stoo. Alirudi na bahasha bapa ya turubai. Ndani, katikati ya mbao mbili nyembamba zilizofunikwa kwa pamba, tai ilikuwa imelala kana kwamba imechorwa jana. Ndunge aliuliza kama alifundishwa na mtu kuiweka hivyo.

"Nimeuza kitambaa maisha yangu yote, binti yangu," Hirad alisema. "Kitu kizuri unakilaza, unakifichia jua, unakiacha."

Juu yake kulikuwa na mwisho wa nyumba, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, na foleni ya ndoo na madebe inayoelekea kulia, bila mtu. Ndunge alitaka kuichukua. Hirad alikataa kuitoa mkononi mwake. Lakini aliwaambia Mirriam anaishi wapi, na alipotaja geti la buluu lenye maua ya bougainvillea, Ndunge alilazimika kumwomba arudie. Geti hilo lilikuwa mtaa wa pili kutoka kwake. Amekuwa akimsalimu yule mama kila Jumapili.

Hirad aliuliza wanangoja nini, akavaa kofia yake. Fowsiya akamwambia asisahau dawa zake za shinikizo.

Njiani walimpitia Wachira, na wote wakafika kwa Mirriam mchana ule ule. Alikuwa uani akikata majani ya sukumawiki na kuyapanga kwenye kitoroli, mama wa miaka sabini na kitu, mfupi, miwani ikining'inia shingoni. Aliwatazama wale wazee wawili getini. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye leso, akaenda akamshika Wachira mashavu, ingawa ilibidi Wachira ainame sana, kisha akamsalimu Hirad kwa kuweka mkono kifuani, kama Hirad alivyomsalimu yeye. Jecinta alipojitaja kuwa binti wa Johnson, Mirriam alisema hakuna haja ya kumwambia, hilo bega analijua.

Ndunge alizilaza tai kwenye meza ya sebule, ya tatu akiilaza Hirad mwenyewe. Alieleza haraka, maneno yakigombania mlango, jinsi alivyouona mkono, jinsi kamba ilivyoendelea, na jinsi ilivyokataa kukutana. Mirriam alivaa miwani. Aliinama juu yazo, akigusa ukingo tu.

"Umezilaza," alisema mwishowe. "Mimi sikuzichora zilazwe. Nilizichora zisimamishwe."

Akawaamuru wasimame. Hirad ukutani kushoto, kisha nafasi moja, kisha Jecinta mahali pa baba yake, kisha Wachira. Aliwafunga tai mwenyewe, fundo pana la zamani, akipima kwa vidole mahali ncha inapofika kwenye mshipi. Halafu akarudi nyuma, akamvuta Ndunge kwa mkono asimame karibu naye.

Wachira alikuwa mrefu, kwa hiyo tai yake ilikaa juu, na Mirriam alikuwa amechora kamba chini. Johnson alikuwa wa kimo cha kati, na Jecinta alikuwa amerithi kimo kile kile. Bega lilipogusa bega, kamba ya nguo ilitoka kifuani mwa Jecinta ikaingia kifuani mwa Wachira bila kukatika, shati jeupe, vibanio viwili, gauni la maua, soksi. Ndunge aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa amepima upana, urefu, nyuzi, lebo, utando wa ndani. Wenye kuzivaa hakuwahi kuwapima.

Mirriam alieleza kwamba aliwapima vijana wale mlangoni kwa chaki, mama yake akidhani anapimia wanaume suti. Ndunge alimuuliza ni mwaka gani. Sabini na tano, alijibu, lakini tai zenyewe zilikuwa zimekaa dukani miaka bila mnunuzi, ndiyo maana walizipata. Ndunge alifurahi kusahihishwa kuliko ambavyo angefurahi kupatia.

Kati ya Hirad na Jecinta palikuwa na pengo. Foleni ya ndoo iliingia humo kutoka kushoto, na upande wa kulia ulitokeza ule mkono peke yake.

"Ya Kavindu ndiyo ilikuwa na mfereji," Mirriam alisema. "Na mimi. Huo ni mkono wangu." Akauliza iko wapi.

Wachira ndiye aliyesema. Kavindu aliwaachia wanawe agizo, na walilitimiza. Alizikwa nayo.

Mirriam alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema siku zile Kavindu hakumwambia neno lolote zaidi ya asante. Kisha uso wake ukafunguka, akacheka, kicheko cha msichana kabisa, akasema basi mfereji umeenda mahali pazuri. Yeye alidhani zimeshakuwa matambara ya kufutia baiskeli. Akamgeukia Ndunge. "Una tai ya kahawia pana, isiyo na kitu?"

Ndunge alikuwa nayo. Ilikuwa ya miaka ile ile, haijavaliwa, karatasi ya duka bado imeshikizwa nyuma, na katika makabati yote hakuna iliyokuwa safi kama hiyo. Kwa mkusanyaji wa tai, kuitia rangi ni kuiharibu. Alijua hivyo vizuri sana, na alilijua hilo huku tayari akiwa anakimbia, viatu mkononi, akipita watoto wanaocheza mpira wakimuuliza kama kuna moto.

Mirriam alichora mchana uliobaki hadi jua likaanza kulegea. Rangi zilitoka kwenye stoo ya wajukuu wake. Mkono ulimtetemeka, na kila ulipotetemeka alingoja utulie, akaendelea. Wazee walikunywa chai na kubishana kuhusu beti za nyimbo. Jecinta aliketi karibu na Ndunge, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba tai ya baba yake akae nayo yeye, kwa sababu kwake yeye Jecinta mtu ataipiga pasi siku moja. Sharti lilikuwa moja, aruhusiwe kuja kuivaa.

Mfereji ulipokamilika, na mwanamke wa gauni la kijani akiwa ameinama kando yake, walihitaji mtu mfupi. Wote walimgeukia Roble, aliyekuwa akila andazi la tatu.

Alisimamishwa kati ya Hirad na Jecinta, amevuta tumbo ndani, haruhusiwi kupumua sana kwa sababu rangi ilikuwa mbichi. Ndoo zilifika kwenye mfereji. Kiwiko kikapata bega lake, karibu sana, kikipishana labda kwa unene wa kidole, na Mirriam alisema aachwe hivyo. Wachira alikohoa, akatoa sauti ya kuanzia. Hirad akaingia chini yake, Jecinta akapata sauti ya baba yake bila kufundishwa, na ilipofika zamu ya sauti nzito wote walinyamaza wakamtazama Roble, ambaye hakujua hata neno moja la wimbo ule, akafumba macho na kuunguruma.